Mwezi wa Tatu, Nani Anabisha Hodi?

Ndugu msomaji, ikiwa una kijana achezaye mpira, au binti achezaye netiboli, basi huenda umekwisha kuiona jioni ile anaporudi nyumbani katikati ya wenzake wawili, mkono mmoja bega hili, mkono wa pili bega lile, na mguu mmoja haugusi ardhi. Jioni hiyo nyumba hujaa. Jirani mmoja huleta maji ya moto, mwingine huleta shauri, wa tatu huleta kisa cha binamu yake aliyeteguka mguu akapona kwa siku saba. Juma zima wageni hawakatiki mlangoni. Safu hii leo haitazungumza juu ya juma hilo. Itazungumza juu ya mwezi wa tatu.

Nimekuwa nikiyawaza haya tangu niliporudi kutoka nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, ambako milima haimpi mtu mwenye goti bovu mahali pa kujificha. Kisima ki bondeni na nyumba i mlimani. Shamba la maharagwe li ng'ambo ya kijito, na shule i juu ya kilima cha pili. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeumia aweza kuegemea nguzo ya kituo akingoja basi. Mtoto wa Kasulu ana mteremko wa kwenda na mpando wa kurudi, na hata baiskeli, ambayo ndiyo gari la wengi kule, hupandishwa mlima kwa kusukumwa.

Nilikaribishwa katika nyumba mbili. Majina sitayataja, kwa maana wenyewe hawakuniomba niwatangaze gazetini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kibondo. Hapo nilimkuta kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa winga wa kulia wa timu ya kijiji chao. Siku alipoumia hakuna mtu aliyemgusa. Alikuwa akikimbia na mpira kandokando ya mstari, akageuka ghafla ili aingie ndani, akasikia kitu kimelia katika goti mithili ya kijiti kinapovunjwa. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba hata suruali ikabidi ichanwe. Wengi wetu hudhani kwamba jeraha kubwa ni lazima litokane na rafu. La hasha. Ndani ya goti mna kano ya msalaba ya mbele, ambayo huushika mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Kano hiyo aghalabu hukatika mchezaji anapogeuka, anaposimama kwa ghafla au anapotua vibaya kutoka juu, pasipo kuguswa na yeyote. Mlio ule, na uvimbe ujao katika muda wa saa chache, ni dalili zisizofaa kupuuzwa.

Wenzake walimpakia kwenye baiskeli, wawili wakisukuma na mmoja akiushika mguu, wakamfikisha hospitali. Huko alielezwa kwamba kano imekatika. Alipewa magongo, akaonyeshwa mazoezi ya kukaza misuli ya paja na kuunyosha na kuukunja mguu, akaambiwa kwamba upasuaji wa kuiunganisha kano hiyo hufanywa na mabingwa wa mifupa, mathalani katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Sasa, ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Kutoka Kigoma mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,254 za reli, na mtu wa Kibondo hana budi kusafiri safari nyingine nzima kabla hajaiona stesheni ya Kigoma. Familia ilikaa, ikahesabu fedha, ikasema tungoje mavuno. Sikuona sababu ya kuwalaumu.

Juma la kwanza, mama yake aliniambia, sufuria zilimwishia kwa wingi wa wageni. Wachezaji walikuja na sukari, wakaja na sabuni, nahodha akaja na jezi ya timu nzima waliyoitia sahihi. Juma la tatu walikuja wawili. Mwezi wa pili alikuja mmoja, naye alikuja kuazima viatu vyake vya mpira.

Ilikuwa ni majira ya kupanda, kwa hiyo kutwa nzima watu wote walikuwa shambani. Kijana alibaki na kuku. Baba yake, mtu mwema kabisa aliyeuza mbuzi kwa ajili ya matibabu ya mwanzo, alikuwa akirudi jioni na swali moja tu: "Bado tu?" Hakukusudia ubaya. Lakini jaribu kuulizwa hivyo jioni sitini mfululizo. Mwezi wa tatu kijana aliacha mazoezi. Nilipomwuliza sababu, alitazama chini akanijibu kwa upole, "Nilikuwa namhesabia nani?"

Kisha mwezi wa tano timu ikaingia nusu fainali, na wote wakaja, kumi na mmoja na zaidi, wakicheka na kuimba njiani. Hawakuja kumwangalia, walikuja kumchukua. Naye, aliyekuwa amekaa miezi mitatu bila kuitwa jina na mtu wa rika lake, angewezaje kukataa? Alicheza dakika zipatazo ishirini. Goti likamtupa chini mara ya pili, na safari hii liliharibika zaidi.

Nilimkuta ameketi juu ya kigoda uani, akichambua maharagwe pamoja na mama yake. Kutoka pale hata filimbi ya uwanjani husikika. Nilimwuliza iwapo timu ilishinda nusu fainali ile. Alisema hajui.

Huenda msomaji ataona kwamba ninaikuza habari ya upweke, kwamba goti ni goti, huponywa na daktari na muda. Mwaka 2011 mtaalamu wa Australia, Clare Ardern, pamoja na wenzake, walikusanya matokeo ya tafiti 48 zilizohusu watu 5,770 waliopasuliwa kwa ajili ya kano hiyohiyo ya goti. Wagonjwa wapatao 90 katika kila 100 walipopimwa magoti yalionekana mazima au karibu na uzima. Hata hivyo, waliorudi kucheza kwa kiwango chao cha zamani walikuwa 63 tu katika kila 100, na waliorudi kwenye mashindano walikuwa 44. Sababu iliyotajwa zaidi na wale wasiorudi ni hofu ya kuumia tena. Hofu hiyo haionekani kwa eksirei. Huondolewa kidogo kidogo, na watu walio karibu.

Mwamerika mmoja, James House, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliutenga msaada ambao watu hupeana katika mafungu manne: kuliwazwa, kusaidiwa kwa vitendo, kupewa maarifa, na kuambiwa kwa haki jinsi unavyoendelea. Nilipoukumbuka mgawanyo huo nikiwa Kibondo niliona aibu kwa niaba yetu sote. Kijana yule alipata kuliwazwa kwingi mno kwa juma moja. Vitendo alivipata vya siku ya baiskeli na vya yule mbuzi. Maarifa aliyapata mara moja, hospitalini, akiwa katika maumivu makali, wala hapakuwa na mtu mzima wa pili aliyesikiliza pamoja naye ili amkumbushe baadaye. Na la nne, yaani mtu wa kumtazama akamwambia, "Leo umeukunja mguu kuliko jana," hilo hakulipata kabisa.

Hapa yanipasa kugusa jambo ambalo baadhi ya wasomaji watanichukia kwalo. Sote tumelelewa na kisa cha John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, Akhwari alianguka akaumia vibaya goti. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza. Waliofika mwisho ni 57, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda, mguu umefungwa bandeji, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jibu alilowapa waandishi waliomwuliza kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio wala si kuzianza tu, hufundishwa hata leo.

Nasema kwa heshima zote anazostahili mzee huyo: kisa hiki tumekifundisha nusu. Mtoto akisikia nusu hiyo peke yake hujifunza kwamba ushujaa ni kukimbilia goti lililoumia, na ndivyo alivyojifunza yule kijana wa Kibondo, maana wenzake walimtajia jina la Akhwari siku ile walipokuja kumchukua. Nusu ya pili ni hii. Mwezi wa Julai 1970, mjini Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari yuleyule alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Kati ya Mexico na Edinburgh ni miezi 21. Usiku ule mmoja wa Mexico una picha zilizoenea duniani kote, na miezi ile 21 haina picha hata moja ukutani mwa shule zetu. Lakini mtu haendi kuwa wa tano Edinburgh kwa sababu ya usiku wa Mexico. Huenda kwa sababu ya miezi.

Nyumba ya pili ilikuwa Kasulu, nje kidogo ya mji. Hapa aliyeumia alikuwa binti wa kidato cha pili, mchezaji wa netiboli. Wasiojua mchezo huo huudharau, wakiuita mchezo wa kina mama. Hebu na watazame kanuni zake: mchezaji anapoudaka mpira hana ruhusa ya kuendelea kukimbia nao. Hana budi kusimama papo hapo, hata kama alikuwa amerukia juu kwa kasi, na mzigo wote wa kusimama huko huangukia goti na kifundo. Binti alitua juu ya mguu wa mwenzake, goti likaingia ndani.

Sitaki kumdanganya msomaji. Jeraha lake lilikuwa jepesi kuliko la kijana wa Kibondo. Kano ya upande wa ndani ilichanika pasipo kukatika, na kano hiyo mara nyingi huunga bila kupasuliwa. Wala sitaki kuifanya nyumba hiyo kuwa ya malaika. Usiku wa kwanza bibi yake alimchua goti kwa maji ya moto na mafuta ya mawese mpaka mtoto akapiga kelele, na asubuhi uvimbe ulikuwa maradufu. Wapo wazee wengi wafanyao hivyo kwa upendo. Siku mbili au tatu za mwanzo goti lililoteguka lisichuliwe, wala lisitiwe joto. Liwekewe kitambaa kilicholowekwa maji baridi, lifungwe kiasi, mguu uinuliwe juu ya mto. Na ikiwa limefungwa vijiti au bandeji, kisha vidole vya mguu vikawa baridi, vikafa ganzi au vikabadilika rangi, kifungo kilegezwe saa hiyohiyo na mgonjwa apelekwe hospitali pasipo kungoja kupambazuke. Kuna watu waliopoteza mguu mzima kwa sababu ya kifungo kilichokazwa kupita kiasi.

Bibi aliposikia maneno ya hospitali hakuona haya kugeuka. Jioni ile aliwaita wote wa nyumba, akauliza swali ambalo sijasikia likiulizwa penginepo: "Maji atachota nani?"

Kina mama wasomao ukurasa huu wameelewa mara moja, na kina baba nitawaeleza. Binti huyu alikuwa akiteka maji mara mbili kwa siku, ndoo ya lita ishirini kila safari. Lita ishirini ni kilo ishirini, kichwani, kwenye mpando. Kijana akivunjika mguu mpirani, hulala. Hakuna aliyekuwa akimtegemea kwa maji. Binti akivunjika, huambiwa pole, na keshoye ndoo ingali inamngoja, kwa kuwa ndoo haijui habari za netiboli. Zipo nyumba ambamo baba husema waziwazi, "Ni yeye aliyetaka kucheza." Mabinti wangapi wamechechemea maisha yao yote kwa ajili ya ndoo iliyobebwa mapema mno, na siye tukasema michezo ndiyo iliyowaharibu?

Bibi aliamua kwamba atachota kaka yake, mvulana wa miaka kumi na minne. Mvulana alikwenda siku ya kwanza akarudi analia, kwani wenzake kisimani walikuwa wamemwita msichana. Siku ya pili bibi alifuatana naye. Aliketi juu ya jiwe, fimbo magotini, akawatazama wavulana wale mmoja mmoja wala hakusema neno. Alifanya hivyo siku tatu. Baada ya hapo hapakuwa na kicheko tena, na nimeambiwa kwamba wavulana wawili wengine wanawachotea dada zao, ingawa hao huja mapema sana kabla jua halijachomoza.

Shangazi yake, ambaye hakubahatika kusoma, alikabidhiwa kazi ya mazoezi. Mtaalamu alikuwa ameagiza mguu uinuliwe mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Shangazi aliweka maharagwe kumi katika kikombe. Kila mguu ulipoinuka, haragwe moja lilihamia kikombe cha pili. Baada ya majuma machache, mtaalamu alipoongeza hesabu, shangazi naye akaongeza maharagwe. Nilioneshwa vikombe hivyo. Kimoja kimevunjika mkono. Binti aliniambia kwamba siku nyingine alikuwa hataki kabisa, lakini alikuwa akiisikia sauti ya maharagwe yanatikiswa mlangoni na kujua kwamba hana pa kukimbilia.

Mwalimu wake wa michezo naye alifanya jambo dogo. Kila Jumatano timu ilipofanya mazoezi, binti alikabidhiwa daftari la mabao na filimbi ya akiba, akaketi mstarini. Jina lake halikufutwa katika orodha ya timu. Mbele yake paliandikwa "anauguza". Wenzake wawili walipangiwa zamu ya kumbebea vitabu mlimani. Wangeweza kuchoka, na kwa kweli mmoja alichoka, akapatikana mwingine.

Nimewaeleza walimu kadhaa habari ya daftari lile, nao wamenijibu kwamba hawana muda. Sikubaliani nao. Katika kila shule inayoandaa timu kwa ajili ya UMITASHUMTA au UMISSETA kuna mtu wa kubeba mipira, mtu wa maji, mtu wa kuandika mabao. Kazi hizo zipo tayari. Kilichobaki ni kumpa mojawapo yule aliyeumia, badala ya kumwacha nyumbani asikilize filimbi kwa mbali. Na viongozi wa timu za vijiji, ninyi mnaojua kukusanya michango ya jezi kwa siku mbili, je, mnashindwa kupanga zamu ya kumtembelea mtu mmoja, Jumapili moja kwa moja, hadi atakapotupa magongo?

Kuhusu muda, wazazi wengi huniuliza lini mtoto aweza kurudi uwanjani. Jibu ni la mtaalamu aliyemwona, iwe ni katika hospitali ya wilaya Kibondo, ile ya Kabanga huko Kasulu, au Maweni mjini Kigoma, na mzazi aende akasikilize mwenyewe, asitume mtoto akarudi na nusu ya maneno. Lakini kwa wale waliopasuliwa kano ya msalaba, utafiti wa wataalamu wa Norway na Marekani uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, mpaka kuufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuliumiza goti tena kwa karibu nusu. Miezi tisa! Kwa hiyo, baba mwenye kuuliza "Bado tu?" mwezi wa pili, tafadhali tafuta swali jingine. Uliza mguu umekunjika mpaka wapi leo. Uliza kama usiku ulipita salama. Au usiulize kitu, ukae naye mkachambue maharagwe.

Yule binti wa Kasulu amerudi kucheza, mwezi wa saba tangu aumie. Nilimtazama Jumatano moja alasiri. Bado haruki. Mpira ukimjia hudaka na kuutoa upesi kana kwamba unamchoma, na mara mbili nilimwona akilishika goti pale ambapo hapakuwa na jambo lolote lililotokea. Mama yake, aliyekuwa amesimama kando yangu na mtoto mgongoni, aliniambia kwamba yeye kwa moyo wake angependa aache mchezo huo kabisa. Nikamwuliza mbona basi amekuja kutazama.

"Nimekuja na bibi yake," akasema, akinionyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya uwanja, juu ya jiwe, fimbo magotini, alikuwa ameketi bibi kizee, akiwatazama mabinti mmoja mmoja wala hasemi neno.